Siku Malkia wa Sisimizi Waliporuka Kutoka Kwenye Boriti Yangu

Jumapili, asubuhi, mwezi wa Novemba. Mvua ya usiku ilikuwa kidogo, imeshaacha. Hewa nzito, upepo hakuna, shati nililoanika tangu juzi bado linanuka unyevu. Naandikia jikoni, nimekaa kwenye kigoda, daftari liko gotini, kwa sababu tumehama nyumba yetu wenyewe. Tumehama hatua sita tu, kutoka nyumba kubwa mpaka jikoni, lakini kuhama ni kuhama.

Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima anasemaga kwamba ukiandika kila siku mkono unalainika. Tena anasema daftari ni la ukweli. Basi nianze na ukweli.

Nina wivu.

Nimeliandika neno, nimeliangalia, halijanirukia usoni. Naendelea.

Ninayemwonea wivu ni Ndugu Wambura, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Nina miaka hamsini na moja. Magoti yangu yanalia kama bawaba zisizopakwa mafuta, meno mawili yameniaga, watoto wameanza kuoa na kuolewa. Mtu wa hali hiyo angetakiwa awe amestaafu wivu zamani. Mimi bado niko kazini. Na wivu wenyewe, daftari langu, ni wa bakuli la kumbikumbi.

Nieleze vizuri. Mimi ni mtu wa ziwani, wa kule Majita, ambako ukitaka kitoweo unageuza uso kwenye maji. Kwetu tunajua sato, tunajua furu, tunajua kamongo na ubishi wake. Wadudu wenye mabawa tunawafukuza wasiingie kwenye uji. Mke wangu, Mama Magesa, ni wa huku juu, watu wa pamba na ng'ombe. Nilikuja upande huu wa Bunda nikiwa kijana, nimeitwa kutengeneza mabenchi ya kanisa. Nikamaliza mabenchi. Kuondoka ndiko kulikonishinda.

Wakati huo Wambura alikuwa ameshapeleka ng'ombe wawili kwa baba wa binti. Ng'ombe wakarudishwa. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya maishani, na kusema kweli sikulifanya mimi. Alilifanya yeye binti. Alimwambia baba yake anamtaka yule wa mabenchi, na mzee, Mungu amrehemu, akaja kunitazama nikipiga randa, akakaa nusu siku bila kusema neno, akaondoka. Kesho yake akaniita mkwe.

Nilipooa nilijenga maili sita kutoka kwa Wambura. Wengine wanachagua kiwanja kwa maji au kwa udongo. Mimi nilichagua mahali ambapo hata moshi wa jiko lake usingeonekana. Tukaishi pale miaka ishirini kwa amani.

Halafu ikaja Operesheni. Tuliambiwa tutoke huko tulikotawanyika, tuje tukae pamoja, tupate shule, bomba na duka. Sikuwa na neno. Viongozi wakavuta kamba, wakapigilia mambo, vile vijiti vya kupimia, nyumba zikae kwenye mstari huku na huku ya barabara. Mimi nikaonyeshwa kiwanja changu. Nikageuka kuona nani amepangiwa kunitazama.

Alikuwa amesimama, jembe begani, meno yote nje.

"Karibu, Ndugu Fundi," akasema.

Maili sita za tahadhari zimeishia hatua kumi na nane. Nimezipima mwenyewe. Na siku hizi sina hata ruhusa ya kumwita jina baya, wote ni ndugu. Kila asubuhi nasimama mlangoni namwambia mtu aliyetaka kumwoa mke wangu, "Habari za kuamka, ndugu."

Tena mke wake alifariki mwaka mmoja kabla ya kuhama. Nilienda msibani, nikalia kwa dhati, alikuwa mama mwema. Nikiwa bado nafuta machozi likapita wazo kichwani: sasa hana mke. Mtu gani anafikiria hivyo akiwa amekalia mkeka wa msiba? Mimi.

Mvua za kwanza za mwaka wetu wa kwanza hapa kijijini, jua linazama, nikasikia hodi. Wambura yuko mlangoni na bakuli la bati limefunikwa kitambaa.

"Nyangeta!" akaita.

Hakuna mtu anayemwita hivyo. Kijiji kizima kinamwita Mama Magesa. Mimi mwenyewe jina lile sijalitia mdomoni tangu Magesa azaliwe, na Magesa sasa ni dereva wa lori Musoma. Mke wangu akatoka, akalipokea bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Akakaa chini, akaanza kula mmoja mmoja. Na akafumba macho.

Nimemlisha yule mama sato mbichi, sato wa kukausha, kamongo wa nazi niliyoitafuta mpaka Musoma mjini. Hajawahi kufumba macho.

Mwaka wa pili, hodi ile ile, bakuli lile lile. Nikaonja wawili, nikasema, "Mwaka huu chumvi imepungua." Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Basi mwaka huu nikaapa kwamba bakuli la kwanza litatoka mkononi mwangu. Tatizo lilikuwa moja tu. Sina kichuguu. Huku kichuguu kina mwenyewe kama vile ng'ombe ana mwenyewe, huendi tu na sufuria. Hilo nililijua. Lingine la muhimu zaidi sikulijua, nitaliandika mbele kidogo, acha kwanza nijiaibishe kwa utaratibu.

Tulipohama, watu waliacha nyumba zao za zamani wakakata miti mipya. Mimi niliacha kuta, nikachukua boriti yangu kuu ya paa. Mti mmoja, futi kumi na nane, niliukata nikiwa kijana, nikauchonga mwaka niliooa. Nilisema siwezi kuuacha uliwe na jua porini. Ilikuwa siku ya kazi ya pamoja, wanaume wanane wakaubeba, na mbele kabisa, kwenye uzito, alikuwa Wambura. Tulipoutua akaugonga kwa vidole, akaweka sikio.

"Fundi, huu unalia tupu. Ungeuacha."

"Wewe lima pamba," nikamjibu, "mbao niachie mimi."

Watu walicheka. Nililifurahia jibu langu wiki nzima. Nilikuwa nalirudia nikiwa peke yangu chooni.

Tukapandisha boriti, tukaezeka, tukaweka kitanda chini yake. Haukupita mwezi yakaanza mambo ya vumbi. Kila asubuhi kuna vumbi la mbao juu ya blanketi, laini kama unga wa muhogo, tena upande wa Mama Magesa.

"Baba Magesa, jikung'ute nje!"

Nikawa najikung'uta. Vumbi likaendelea. Nikawa navua shati nje, naingia kifua wazi, majirani wa mstari mzima wakazijua mbavu zangu. Vumbi likaendelea. Nikawa naoga kabla ya kuingia. Likaendelea.

"Basi linatoka masikioni," mke wangu akasema, akanichokoa masikio kwa kijiti cha kiberiti.

Nilikubali. Miaka miwili nimekubali makosa, nimeomba radhi, nimelala nimejikunja ukingoni nisimchafue mwenzangu. Maana fundi gani akiona vumbi la mbao atafikiri ni la mtu mwingine? Vumbi la mbao ni langu, kama harufu ya samaki ilivyokuwa ya baba yangu.

Sasa nije kwenye jana.

Ijumaa mvua ilipiga vizuri, ya kwanza yenye maana. Jana Jumamosi jua likatoka kali, ardhi ikawa inatoa mvuke, na mchana upepo ukalala kabisa, bendera ya ofisi ya kijiji imening'inia kama kitambaa cha vyombo. Asubuhi tulikuwa shamba la kijiji kupanda pamba. Kama saa kumi nikaingia chumbani kuchukua msumeno wangu mdogo. Nikasikia kitu juu kama karatasi inakunjwa.

Kwenye ufa wa boriti kulikuwa na vichwa.

Vichwa vyeusi, vikubwa, vimepangana. Kimoja kinatoka, nyuma yake naona mabawa yanang'aa, kinageuka, kinarudi ndani. Kingine kinatoka, kinanusa hewa, kinarudi. Kama watu wa harusi wanaochungulia dirishani waone kama gari limefika.

Moyo ulinipiga, sidanganyi. Wenyeji wameniambia mara nyingi: kumbikumbi huwaga wanachungulia kwanza, ndipo wanatoka. Nami Mungu ameniletea wangu ndani ya nyumba! Wengine wana kichuguu shambani, mimi nina kichuguu cha juu ya kitanda!

Nikatazama nje. Wambura alikuwa anaelekea shambani kwake na blanketi kuukuu na fimbo mbili mkononi. Nilijua anakwenda wapi. Huku wanafunika kichuguu kwa blanketi, wanaacha tundu moja, halafu wanapigapiga ardhi kwa fimbo, polepole, ta-ta-ta-ta, kumbikumbi walioko chini wanadhani ni mvua, wanapanda.

Nikasema leo tuone nani mvua yake itasikika kwanza.

Nikapanda kitandani na viatu. Nikashika nyundo mbili za mbao. Nikaanza kuipiga ile boriti, ta-ta-ta-ta, na kwa kuwa nilimsikia Wambura kwa mbali mwaka jana akiimba, nami nikaimba. Nyimbo za kumbikumbi sizijui. Niliimba ya kuvuta nyavu.

Wakatoka. Walitoka kweli, ufa mzima ukageuka mweusi. Wakubwa wenye matumbo manene na mabawa marefu, na wadogo wadogo wenye mabawa pia, wote wanakwenda kwenye mwanga wa dirisha. Na pamoja nao wakatoka wengine wasio na mabawa, vichwa vipana, wao hawakwenda dirishani. Walikuja kwangu. Wakashuka kwenye nyundo, kwenye mikono, kwenye shingo, na kila aliyefika aling'ata. Nikajisemea kwamba hii ndiyo tofauti ya kumbikumbi wa ndani, wao wana mali ya kulinda.

Nikaweka beseni la maji chini ya dirisha, nikawafagilia humo wale wanene. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, jicho moja linafumba lenyewe, lakini walitosha nusu bakuli. Nikawakaanga kwa chumvi. Jikoni kukanuka kama limau lililounguzwa, nikaona ni harufu ya kumbikumbi wa hali ya juu. Nikawaweka kwenye bakuli lenye maua, lile la wageni, nikafunika kitambaa, nikakaa mlangoni nangoja.

Mama Magesa alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani.

"Nyangeta," nikamwita.

Akasimama. Akatua ndoo.

"Una homa?"

"Kaa ule."

Akanitazama mdomo, akanitazama jicho. Akafunua kitambaa. Akainamia bakuli.

"Umewatoa wapi?"

"Nyumbani kwangu," nikasema, nikaonyesha juu kwa kidevu kama tajiri.

Akachukua mmoja, akatia mdomoni. Akafumba macho.

Daftari langu, alifumba macho! Miaka ishirini na miwili nimeingoja ile sura iwe ya kwangu. Nilitaka barabara yote ione. Halafu yakafumbuka na nikaona yana machozi, na kwamba kile kilichoyafumba ni uchachu. Lakini alitafuna. Akameza. Akachukua wa pili.

Hapo hapo hodi.

"Nyangeta! Leo wametoka kweli kweli!" Ni Wambura, bakuli la bati mkononi. Akaona bakuli la maua. Akaona uso wangu. Akaanza kucheka, cheko la tumboni, akainama kuchukua mmoja wa wangu, akamgeuza kwenye mwanga. Cheko likakatika.

"Fundi, hawa umewatoa wapi?"

"Leo kila mtu ana swali moja."

"Kumbikumbi hana kiuno, yuko kama mtu aliyeshiba. Ona huyu, kiuno kama uzi. Huyu ni sisimizi. Yule mkubwa mweusi wa kwenye mbao. Hawa wanene ni malkia, wale wadogo ni madume." Alikuwa amesahau kucheka kabisa. "Wanakaaga ndani na mabawa yao mpaka ifike siku kama hii, mvua imepita, joto, upepo umelala. Ndiyo wanatoka wote kwenda kuoana huko juu, na kila mti wenye ukoo wao unatoa siku hiyo hiyo. Akishaolewa anashuka, anavunja mabawa yake mwenyewe, anatafuta mbao ingine, anaingia. Wewe ulidhani ni kumbikumbi?"

"Nilidhani," nikasema. Nilitaka ardhi inichukue na bakuli langu.

"Hawaui," akasema, "wachachu tu. Lakini wametoka mbao gani?"

Nikataja boriti. Wambura akatua bakuli lake chini, akaingia chumbani kwangu.

Hakuomba. Aliingia tu, chumbani, anakolala mke wangu, nami nyuma yake nimevimba kila mahali, natafuta neno la kumtoa. Akapanda kitandani. Akatoa kisu, akakichoma kwenye boriti. Hakukisukuma. Kilizama chenyewe mpaka mpini.

"Ghala langu la mtama walilifanya hivi hivi," akasema polepole. "Lilianguka mchana. Tukashukuru tu kwamba ndani hapakuwa na mtu."

Sote watatu tukatazama kitanda. Upande wa Mama Magesa kulikuwa na vumbi la mbao, laini kama unga wa muhogo, la asubuhi ile ile.

"Wanakula mbao?" mke wangu akauliza.

"Hawali. Wanachonga vyumba tu. Vumbi wanatupa chini."

Mke wangu akanigeukia. "Kumbe si wewe."

"Si mimi."

"Miaka miwili nakugombeza."

"Ndiyo."

"Masikio nimekuchokoa."

Nikasema afadhali ingekuwa mimi. Na nilimaanisha.

Mimi ndiye fundi wa hapa. Madawati ya shule nimetengeneza mpaka Buswahili, milango yangu iko Butiama na Manyamanyama. Na juu ya kichwa cha mke wangu nilikuwa nimetundika mti mtupu, wenye ukoo mzima wa wapangaji, na mtu mmoja aliniambia mapema, nikamjibu alime pamba. Angekuwa mtu mwingine yeyote kijijini ningeugonga mwenyewe nisikilize. Kwa sababu alikuwa Wambura, sikuweka sikio.

Tulitoa kitanda. Wambura akavuka barabara akaleta nguzo mbili za kwake. Akawa ameshikilia boriti kwa mabega, mishipa ya shingo imetoka, huku mimi chini nakata na kugongomea kabari. Kwa muda kama wa kuchemsha chai, paa la nyumba yangu lilikuwa limekaa juu ya mabega ya mtu niliyemkimbia maili sita. Aliniuliza mara moja tu, "Bado, Fundi?" Nikasema bado kidogo. Ilikuwa tayari. Nilitaka apumzishwe na mimi, kwa wakati wangu. Daftari ni la ukweli.

Tulipotoka nje, nikiwa na mdomo kama mkate, nikamuuliza nililotaka kumuuliza miaka miwili.

"Ndugu Wambura, mke wangu unamleteaga kumbikumbi kwa sababu gani?"

Alishangaa. Akamtazama Mama Magesa. "Hujamwambia?"

Mama Magesa alikuwa anapanga ndoo zisizohitaji kupangwa.

"Kile kichuguu ni cha baba yake," Wambura akasema. "Mashamba yalipogawanywa upya kikaangukia kwangu. Lakini kichuguu hakigawanywi na kamba. Ukipiga kichuguu cha mtu, bakuli la kwanza linakwenda nyumbani kwake. Mwenyewe hayupo, linakwenda kwa mtoto wake. Ningemnyima, mwakani kisingetoa kitu. Wewe ulidhani namletea nini?"

Sikusema nilidhani nini. Nadhani alielewa, maana alitazama pembeni akakohoa, akasema ana mbuzi wa kufunga, na mbuzi hana.

Nikamgeukia mke wangu. "Miaka miwili, Mama Magesa. Ungesema neno moja."

"Hukuuliza. Ulisema chumvi imepungua."

"Ulijua nina wivu?"

"Mstari mzima unajua. Hatua umezipima mchana kweupe." Akakaa, akavuta bakuli la maua karibu. Kisha akasema, sauti ya chini, hakunitazama: "Ulikuwa umeanza kuniangalia tena. Kabla ya hapo miaka mingi ulikuwa unaangalia mbao."

Nikakaa chini karibu naye.

Alikula sisimizi wangu saba. Nilihesabu. Kila mmoja alimtoa chozi na kila mmoja alimmeza. Halafu akavuta bakuli la bati, akala kumbikumbi wa kichuguu cha baba yake mpaka wa mwisho, macho amefumba.

Asubuhi hii nimeingia chumbani peke yangu. Sakafu imejaa mabawa, mepesi kama maganda ya kitunguu, unapita yanaruka. Nje kwenye kibaraza, juu ya dawati la shule ambalo bado halijapakwa rangi, nikamkuta malkia mmoja. Mabawa hana tena. Anatembea taratibu, anapimapima mbao kwa vipapasio vyake, kila baada ya hatua anasimama. Mkaguzi wa kazi. Hakuipenda kazi yangu, au aliipenda kupita kiasi, sijui. Nikamchukua kwenye kipande cha maranda ya mbao, nikatoka naye kumtafutia mahali.

Nilifikiria kumpeleka kwa Wambura. Ana nguzo nzuri mlangoni. Nilifika mpaka katikati ya barabara. Hatua tisa kamili. Nikarudi, nikamwacha kwenye kisiki cha nyuma ya choo chetu.

Sasa wivu umekwisha? Haujakwisha, umehama tu kama sisi. Leo namwonea wivu baba mkwe wangu. Mzee yuko chini ya udongo miaka yote hii na kichuguu chake bado kinamlisha binti yake kila mvua ya kwanza. Mimi niko hai, nina nyundo, nina randa, na nilichomwekea mke wangu juu ya kichwa ni ule mti mtupu. Yule mzee alikaa nusu siku akiniangalia napiga randa kabla ya kunipa mtoto. Angeiona boriti ile leo, angekwenda mwenyewe kwa Wambura kuwaomba tena wale ng'ombe wawili.

Kengele ya kanisa imelia ya kwanza. Mama Magesa yuko nje anachana nywele, anaimba, naisikia vizuri: ni ile ya kuvuta nyavu. Sijui ameishika lini. Nimejaribu tena kumwita Nyangeta. Amejibu "Abee," kama msichana, halafu akacheka mwenyewe, akaniambia nisizoee.

Baada ya ibada nitavuka barabara. Nitamwomba Wambura mambo mawili. La kwanza, kesho anisaidie kushusha boriti na kupandisha mpya, yeye mbele kwenye uzito kama kawaida yake, na kabla hatujaipandisha aigonge, aweke sikio, aseme anachosikia. La pili ni gumu zaidi kutamka: mwakani anichukue nikamwone anavyofunika blanketi na anavyopiga fimbo, na lile bakuli la kwanza anikabidhi mimi nilivushe barabara. Akikataa nitamwelewa. Akikubali, nitalazimika kumshukuru, na hilo nalo linahitaji mazoezi.

Kesho, tangu asubuhi mpaka jioni, nitakuwa juu ya paa na msumeno. Kutakuwa na vumbi la mbao kila mahali ndani ya nyumba ile, kwenye sakafu, kwenye blanketi, upande wake na upande wangu, na atanigombeza. Safari hii litakuwa langu.